Bwana Vidole, Mfunga Mifupa Iliyovunjika (1956–2024)

Ndugu, majirani na nyote mliofika, mimi ni dada yake mdogo marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Nimekabidhiwa kalamu kwa sababu nilifundisha miaka thelathini na mmoja, na watu hudhani mwalimu hakosei. Kabla sijaanza, mjue jambo moja. Kaka yetu aliacha agizo la maandishi kwamba wasifu wake usisomwe ikiwa utaachwa mkono mmoja alioufunga vibaya mwaka 1984. Familia iligawanyika juu ya agizo hilo, na mimi nilikuwa upande wa waliotaka tunyamaze. Tulikoishia mtakusikia.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1956, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa baba yetu, seremala, na mama yetu, mpishi wa shule. Alizaliwa chumba cha nyuma, nyuma ya karakana ya baba, na alitanguliza miguu. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto aliyeingia duniani kwa miguu hawezi kuogopa mguu wa mtu. Kabla hajatimiza miaka kumi alikuwa amekwisha kuvunjika mkono ule ule wa kushoto mara mbili: mara ya kwanza aliporuka kutoka kwenye benchi la baba, mara ya pili alipoanguka kutoka juu ya paa la jirani, alikokuwa akitafuta kitu ambacho hakukitaja hadi anakufa. Mara hiyo ya pili baba alimfunga vibao viwili na kipande cha shuka, kwa uangalifu ule ule aliofungia kiti kinachosubiri gundi ikauke, kisha akampeleka zahanati. Mganga aliuliza, "Nani kafunga hivi?" Baba akadhani anagombezwa, akainamisha kichwa. Mganga akasema, "Aje awafundishe wauguzi wangu." Kaka alisimulia habari hiyo maisha yake yote kana kwamba aliyesifiwa ni yeye.

Alisoma shule ya msingi yenye vyumba vinne tu vya madarasa, nyuma ya kiwanda cha matofali, kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari hadi 1974. Sitawadanganya, alikuwa mwanafunzi wa katikati. Najua, maana nilirithi dawati lake, na juu yake nilikuta amechora kwa wembe kiunzi kizima cha mifupa ya binadamu, kuanzia fuvu hadi kisigino. Nilihesabu mbavu nikapata ishirini na tano. Nilimwambia kwamba mtu ana mbavu ishirini na nne. Akajibu, "Hiyo moja ni ya akiba." Hesabu ilimwangusha kwenye mtihani wa mwisho, na hakuna aliyeshangaa.

Januari 1976 aliajiriwa hospitali ya wilaya kama mhudumu wa usafi. Alipewa ndoo, fagio la maji na ukumbi mrefu uliopita mapokezi na chumba cha picha za eksirei, ukaishia kwenye mlango wa chumba cha plasta, ile bandeji nyeupe inayoganda ikashika mfupa. Wengi wenu mmekifahamu chumba hicho kwa kulia ndani yake: sinki lililoganda ukoko mweupe, meza yenye mpira mweusi, ndoo ya maji ya vuguvugu, na vumbi jeupe linalomfanya kila anayefanya kazi humo aonekane amezeeka ifikapo saa sita mchana. Fundi mkuu wakati huo alikuwa mzee waliyemwita Chokaa. Siku moja Chokaa alikuwa akimfunga mtu mguu, mfagizi mlangoni akasema kwa adabu, "Samahani mzee, vidole vyake vinatazama dirishani." Chokaa akatazama, akakuta ni kweli, mguu umepinda nje. Tangu siku hiyo hakumwacha. Mwaka 1979 marehemu alihamishiwa chumba cha plasta kama msaidizi, na 1981 hadi 1982 alisomea kazi hiyo chuoni, akawa wa kwanza katika darasa lake kwa upande wa vitendo. Upande wa nadharia tuuache.

Aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Alipenda kusema kwamba mfupa si kitu kikavu, kwamba una damu na unaishi, na wa mtoto hupinda kama kijiti kibichi kabla haujakatika. Watu walipomshukuru kwa kuwaponya alikasirika kidogo. "Mfupa unajiunga wenyewe," alikuwa akisema. "Kazi yangu ni kuuweka mahali pake, na kutouharibu." Walioteguka akawakataza kukandwa kwa maji ya moto siku ile ile, na mashangazi wengi walimchukia kwa hilo, nikiwa mimi mmoja wao.

Sasa nafika mahali ambapo nilitaka kurukia mwaka 1985.

Jumamosi ya tarehe 16 Juni 1984 aliletwa binti wa miaka kumi na tisa, mshonaji, aliyeteleza akiwa amebeba mashine ya kushonea. Mifupa yote miwili ya mkono wake wa kulia, chini ya kiwiko, ilikuwa imevunjika na mkono umeanza kuvimba. Foleni ilikuwa ya watu ishirini na watatu. Mkono wa namna hiyo hufungwa plasta nusu tu, upande mmoja, na upande wa pili bandeji laini, kwa sababu mkono uliovunjika leo utavimba kesho, lakini plasta haivimbi. Kaka yetu alilijua hilo. Alimfunga plasta nzima, pande zote, akamwambia aende nyumbani, akaita mgonjwa mwingine. Usiku maumivu yalizidi. Watu wa nyumbani wakamwambia maumivu ya kuvunjika ni ya kawaida, avumilie. Alirudi siku ya tatu, vidole vikiwa baridi na havina hisia. Walipoikata plasta, nyama za mkono zilikuwa zimekufa kwa kukosa damu. Mkono ulipona ukiwa umekunjamana, vidole vimejikunja ndani, na havikufunguka tena.

Msimamizi wake, mtu aliyempenda, alimshauri aandike kwenye maelezo kwamba mgonjwa aliambiwa arudi kesho yake, akakaidi. Nani angebisha? Kaka yetu akaandika hivi, na karatasi hiyo tunayo: "Hakuambiwa. Bandeji zilikuwepo. Nilikuwa na haraka." Kila mtoto wa darasa la kwanza anajua kwamba haraka haina baraka, lakini ni watu wazima wangapi wanaoweza kuliandika hilo, wakalitia sahihi na kulipeleka ofisini kwa miguu yao? Ninapomtaja kaka yangu kwa fahari huanzia hapo, ingawa kwa miaka mingi nilikuwa nikiishia hapo hapo kwa aibu.

Aliondolewa chumba cha plasta miezi tisa, akarudishiwa fagio. Akaosha ukumbi ule ule, mbele ya mlango ule ule. Aliporudishwa kazini, Aprili 1985, alikuja na sheria yake mwenyewe ambayo haikuandikwa popote. Hakuna mtu aliyefungwa plasta aliyeondoka kabla ya kukaa benchi saa nzima. Kila robo saa alitoka kuwakagua. Alitazama rangi ya vidole, akapima joto kwa mgongo wa mkono wake, akawagusa ili ajue kama wanahisi, kisha akasema maneno yaliyompa jina ambalo wengi wenu ndilo pekee mnalolijua: "Chezesha vidole." Na kwa kuwa watu wana haraka zao, alikuwa akimvua kila mgonjwa kiatu kimoja na kukiweka juu ya kabati. Kwa miaka mingi mtu akiingia chumba kile aliona safu ya viatu visivyo na wenzake. Kamanda mmoja wa polisi aliyevunjika kifundo cha mkono alimwambia ana mkutano. Bwana Vidole akajibu, "Mkutano utakungoja, afande. Mkono hautakungoja." Kamanda akakaa saa nzima, soksi moja nje, na walinzi wake wawili wakitazama dari.

Waliofungwa walipewa karatasi yenye herufi kubwa: IKIUMA ZAIDI, RUDI. USIVUMILIE. Na ambaye hakurudi kesho yake kukaguliwa alifuatwa nyumbani kwa baiskeli, mkasi wa plasta ukiwa kwenye kikapu. Siku aliyostaafu, tarehe 31 Agosti 2016, mkuu wa wauguzi alisimama akasema kwamba kwa miaka thelathini na mmoja hakuna mkono wala mguu mwingine uliokufa ndani ya plasta iliyofungwa chumba kile. Watu walipiga makofi. Kaka alimnong'oneza, "Waambie wasiache kuhesabu," akaketi.

Wifi yangu, mjane wake, alikuwa karani wa posta. Aliteleza kwenye ngazi za posta mwezi Mei 1985, akaja na kifundo cha mguu kilichovimba kama andazi. Picha ilionyesha mfupa mzima, ni kuteguka tu. Aliambiwa aupumzishe mguu, auweke barafu, afungwe bandeji na auinue juu ya mto, kisha arudi akaguliwe. Mguu ulipona baada ya wiki tatu. Ukaguzi uliendelea miezi saba. Kabla kaka hajamposa alimkalisha kwenye benchi lile lile akamwambia, "Kuna mkono nimeuharibu. Ujue kabla hujajibu." Wifi alinieleza kwamba alimuuliza jambo moja tu, "Unaenda kumwona?" Kaka akasema, "Kila Jumapili." Wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1985, na Mungu akawajalia watoto wanne.

Nyumbani alikuwa mpole, ila kwa viti. Tangu astaafu alitupiga marufuku sote kupanda juu ya viti au stuli, kwa hoja kwamba mifupa ya wazee huvunjika kama chaki. Jumapili tarehe 11 Februari mwaka huu, wifi akiwa jikoni, kaka alipanda stuli kurekebisha saa ya ukutani. Mganga hajigangi. Wifi alimkuta sakafuni akiwa ameukazia macho mguu wake wa kulia. Jirani yetu, fundi bomba, alikuja mbio akataka kumnyanyua. "Usiniguse!" kaka akamfokea. "Angalia. Mguu umefupika na umegeuka nje. Hiyo ni nyonga. Leta mto uweke katikati ya miguu, funga miguu yote miwili pamoja, halafu ng'oeni mlango wa stoo mnilaze juu yake." Mlango ukang'olewa. Kabla hawajamtoa alimlazimisha fundi bomba ambinye kidole gumba cha mguu na kumweleza rangi yake. Fundi bomba akasema ni ya kawaida. "Kawaida si rangi," kaka akamwambia.

Alifanyiwa upasuaji tarehe 14 Februari, na ndani ya wiki mbili alikuwa akitembea wodini kwa fremu ya kutembelea, akiwakagua vidole wagonjwa wenzake bila kuombwa. Tulikuwa tumekwisha kupaka nyumba rangi tukimsubiri. Mwezi Aprili kifua kikamshika, dawa zikasaidia, kisha zikaacha kusaidia. Alifariki Alhamisi tarehe 2 Mei 2024, saa tisa alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na saba. Uchungu wetu sina maneno yake, nami ni mtu wa maneno.

Chini ya mto wake tulikuta lile agizo. Mwanawe wa kwanza alilisoma, akalikunja. "Shangazi," akaniambia, "Baba anazikwa mara moja tu. Mnataka watu warudi makwao wakizungumzia kosa?" Nikakubaliana naye, na nikaandika wasifu safi, kurasa mbili, usio na mkono. Wifi akausikiliza hadi mwisho. "Umeandika vizuri," akasema. "Sasa nenda ukamsomee mwenye mkono, uone atasemaje."

Basi Jumamosi iliyopita tulikwenda, mimi na kijana huyo, mwanawe wa kwanza, kwenye duka la sare za shule lenye mashine tatu na sare zilizotundikwa hadi darini. Mshonaji yule sasa ana miaka hamsini na tisa. Alikuwa akikata kitambaa kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia, umekunjamana, ukikandamiza kitambaa kisicheze. Nikamsomea. Alisikiliza akiendelea kukata.

"Mimi niko wapi humo?" akauliza.

Nikamweleza hofu yetu. Akaweka mkasi chini.

"Alikuja Jumapili ya kwanza, mama yangu akamtimua kwa ufagio. Ya pili, ufagio tena. Ya tatu mama alichoka, akamwachia mlango. Akawa ananinyoosha vidole kimoja kimoja, mimi namtukana. Matusi ambayo mwalimu huwezi kuyaandika. Hajibu. Anamaliza, anasema 'Jumapili ijayo, dada,' anaondoka. Miaka na miaka."

"Ukamsamehe," nikasema.

"Wewe, ngoja. Nani kasema nilimsamehe? Mwaka tisini na saba binti yangu alianguka shuleni, akavunjika mkono. Wa kulia, kama wangu. Shemeji zangu wakasema tumpeleke kwingine. Nikasema hapana, twendeni kule kule, na nikifika namtaka yule yule."

Kijana wetu alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. "Kwa nini, Mama?" akauliza.

"Mwanangu, wewe ungemtaka nani? Asiyejua kama anaweza kukosea, au ambaye hajapata usingizi miaka kumi na mitatu kwa ajili ya mkono wangu?" Akavuta kiti akaketi. "Aliponiona akatua ndoo. Akasema, 'Nimwite mwenzangu.' Nikamwambia, 'Mwenzako simjui. Funga.' Akafunga nusu, taratibu, jasho linamtiririka. Akatukalisha benchi, si saa moja, ni kuanzia saa nne hadi saa kumi. Kila dakika chache huyo hapo, anashika vidole vya mtoto. Mwisho mtoto akaniuliza, 'Mama, huyu mjomba hana kazi nyingine?' Mkono ule leo unaendesha lori. Siku hiyo ndiyo nilimsamehe. Lakini sikumwambia, nilidhani anajua. Nimemwambia juzi tu, wodini, mwezi wa tatu."

"Akasema nini?"

"Alilia. Halafu akaniomba nimpe mkono, akaugeuza huku na huku, akasema, 'Kidole cha shahada kimenyooka kidogo.'" Akacheka, akajifuta macho kwa kitambaa cha sare. "Andikeni, mwalimu. Mkiuacha mkono wangu mtakuwa mmemzika mtu mwingine. Na msiniite mgonjwa. Mimi ni mshonaji."

Njiani tulipita mbele ya duka la kuchapisha. Hapo kijana akaniuliza kama ratiba ya mazishi, yenye orodha ya aliowaacha Baba, ilikwisha kuchapwa. Nikamwambia bado. Akaniomba kalamu, akaingia ndani peke yake. Kurasa nilizoziandika kwanza nimezichana, na mliyoyasikia ndiyo niliyoyaandika usiku huo na siku zilizofuata.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wakwe watatu, wajukuu saba, dada wawili na kaka mmoja. Ameacha mafundi wa plasta kumi na wanne aliowafundisha, ambao leo wameketi upande wangu wa kushoto. Mstari wa mwisho wa orodha hii sikuuandika mimi. Ameuandika mwanawe wa kwanza pale dukani, naye ameniomba nisiusahihishe: "Na mshonaji, ambaye Baba alimharibia mkono, naye akamkabidhi Baba mkono wa mwanawe."

Kaka yetu aliitafuta amani miaka arobaini. Na apumzike nayo.